Mbwa ana karatasi, lakini karatasi za nini?

Mtu akitaka kuniuzia mbwa wa kizungu, neno la kwanza analolitanguliza ni karatasi. "Huyu ana karatasi zake, baba yake katoka Ujerumani, babu yake bingwa." Karatasi zenyewe huwa nzuri kweli, zina mihuri na majina marefu ya wazazi, mababu na mababu wa mababu. Ukizisoma mpaka mwisho utajua mbwa huyo ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Hutajua kama nyonga zake zimekaa vizuri, hutajua kama uzeeni miguu ya nyuma itambeba, wala hutajua ni dawa gani ukimdunga unamuua. Hiyo ni karatasi ya ukoo. Karatasi ya afya ni nyingine, na hapa Unguja ni nadra muuzaji kuitoa kabla hajaulizwa.

Nalea mbwa wa ulinzi upande wa Mwera, shambani, mbali kidogo na nyumba za watu. Wateja wangu ni mahoteli ya pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Jambiani, na wenye mashamba waliochoka kuibiwa nazi na mbuzi. Ndiyo, mbwa, na Zanzibar. Watu wa bara hushangaa, hudhani kwetu mbwa hatakiwi kabisa. Madhehebu yetu ya Shafii yanasema mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja yake kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa tangu hapo. Nyumbani mama ameweka ndoo ya udongo nje ya mlango wa uani, na mimi sivuki pale mpaka nimemaliza kujitwaharisha. Nguo za kazi zinabaki bandani. Tumeishi hivyo na hakuna aliyegombana.

Habari ya vipimo ililetwa na mama mmoja wa Kijerumani mwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani. Alikuwa na German Shepherd jike, Heidi, akataka ampandishe kwa dume langu, Radi. Bei tulikubaliana kwa simu. Siku aliyokuja kumtazama dume alikuja na daftari. Akauliza nyonga za Radi ni daraja gani. Halafu viwiko. Halafu akauliza kuhusu ugonjwa wa uti wa mgongo ambao wafugaji wanaufupisha kwa herufi DM. Nikamwambia Radi mzima wa afya, anaruka ukuta wa banda bila kuugusa.

"Naona," akasema kwa Kiswahili chake cha pole pole. "Lakini mimi siulizi anachofanya leo."

Alikuwa tayari kutoa nusu ya gharama, basi sikuwa na sababu ya kukataa.

Kipimo cha vinasaba chenyewe hakina maajabu. Maabara ya Ulaya ilituletea kwa posta bahasha yenye vijiti vya brashi laini. Masharti yake: mbwa asile kwa saa nzima kabla ya kuchukuliwa sampuli, na kama ni kitoto kinachonyonya, kitengwe na mama yake kwanza, maana chembe za mama zitabaki mdomoni mwake na jibu litakuja limechanganyika. Unaingiza brashi kati ya shavu na fizi, unasugua huku unaizungusha kwa nusu dakika hivi, kisha brashi ya pili upande wa pili. Kinachotafutwa si mate hasa, ni chembe za ngozi ya ndani ya shavu.

Daktari wa mifugo alivaa glavu, mimi nikamshika Radi taya. Majirani walikuwa wamejipanga nyuma ya ua wa michongoma wanatazama. Mzee mmoja akauliza mbwa anapimwa nini. Nikamwambia vinasaba.

"DNA?" akastaajabu. "Kwani jamaa kakataa mtoto?"

Watu wakaangua kicheko, mwingine akadakia kuwa labda ni mirathi, babu wa Ujerumani kaacha shamba. Mpaka leo nikipita dukani huulizwa kesi ya Radi imefika wapi.

Shida yetu ilikuwa masika. Brashi inatakiwa iachwe ikauke kwa hewa kabla ya kutiwa kwenye bahasha, na bahasha iwe ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaleta ukungu na bakteria wanaoharibu vinasaba. Mwezi wa Aprili hapa hata chumvi hairidhiki kukauka. Tulizisimamisha zile brashi kwenye gilasi mbele ya feni, mlango umefungwa, mpaka kesho yake. Mama alipotaka kujua gilasi ile itarudi jikoni au hairudi, nilimnunulia nyingine.

Jambo ambalo daktari hakulilegeza hata kidogo ni chipu. Kabla hajagusa mdomo wa mbwa alipitisha kisomeo shingoni, akaandika ile namba ya tarakimu 15 kwenye fomu na juu ya bahasha, akatia sahihi yake kama shahidi. Nilipomuuliza yote hayo ya nini na mbwa ni mmoja tu hapa, akanijibu kwa swali: "Unguja hii ina akina Simba wangapi?" Wengi, wallahi. Kila geti lina Simba wake. Cheti kinachosema Simba ni mzima kinaweza kutembea na Simba yeyote. Mwaka uliofuata nililetewa dume kutoka bara mwenye majibu mazuri ajabu. Tulipompitishia kisomeo, shingo ilikuwa kimya. Hakuwa na chipu kabisa. Muuzaji alisema labda imetoka. Cheti cha namna hiyo mimi nafungia njugu.

Majibu yalirudi kwa barua pepe baada ya wiki kadhaa. Heidi safi. Radi mbebaji.

Nieleze hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. DM humpata mbwa mtu mzima, mara nyingi akishafika miaka 8 au zaidi. Anaanza kuburuza kucha za nyuma. Utazisikia zikikwaruza saruji kabla hujaona kitu. Halafu anapepesuka, miguu inapishana, mwisho nyuma yote inakosa nguvu. Ugonjwa wenyewe hauumi, lakini dawa ya kuuponya hakuna. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliuhusisha na kasoro kwenye jeni iitwayo SOD1, jeni ile ile ambayo kasoro zake kwa binadamu husababisha baadhi ya aina za ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Kila mbwa ana nakala 2 za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala zote 2 nzima, ni safi. Moja mbovu, ni mbebaji, naye kwa kawaida haugui. Mbili mbovu, yumo hatarini. Nasema hatarini kwa makusudi, maana wako wenye nakala mbili mbovu waliokufa wazee na kucha zao salama. Hata daktari akimwona mbwa anayepepesuka hawezi kusema moja kwa moja ni DM. Ataondoa kwanza diski za mgongo na mengineyo, na uthibitisho kamili hupatikana kwa kuuchunguza uti wa mgongo mbwa akishakufa.

Habari ya Radi kuwa mbebaji ilifika Matemwe kabla yangu. Meneja mmoja wa hoteli, mteja wa siku nyingi, akanipigia: "Bwana, nasikia dume lako bovu. Si umhasi tu?" Nikakataa, na nikiulizwa leo nitakataa tena. Radi akipandishwa kwa jike safi kama Heidi, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji, na hakuna hata mmoja atakayepata nakala mbili mbovu. Hatari inakuja ukikutanisha wabebaji wawili: hapo kwa wastani robo ya watoto watakuwa na mbili mbovu. Kwa wastani, maana kila mtoto anatupa kete yake mwenyewe. Uzao mmoja unaweza kutoka bila hata mmoja na mwingine ukatoka na nusu.

Halafu lipo suala la kisiwa. Madume wa German Shepherd wenye nyonga nzuri na tabia ya kufundishika hapa Unguja unawahesabu kwa vidole, na ukifuatilia karatasi zao utakuta wengi ni ndugu. Ukimtoa kila mbebaji wa kila kasoro, utabaki na dume mmoja aliyezaa kila mtoto kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, na kasoro zake ambazo hazina kipimo bado zitakuwa kwa wote. Yaliwahi kutokea makubwa zaidi kwa wenzetu. Dalmatian, yule mweupe wa madoa, alifika mahali mbegu nzima ina nakala mbili za kasoro inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo mpaka unaota mawe. Mzima hata wa kuazima hakuwapo. Mnamo 1973 mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, Robert Schaible, alimchanganya Dalmatian na Pointer, kisha vizazi vyake vikarudishwa kwa Dalmatian moja baada ya kingine mpaka madoa yakarejea na mkojo ukabaki mzuri. Wafugaji waligombana juu ya damu ile kwa miongo. Mimi naona aliwaokoa, ila naelewa kwa nini walikasirika. Mtu aliyelipia usafi wa ukoo hapendi kuambiwa usafi wenyewe ndio ugonjwa.

Basi watoto wa Radi nawauza kwa kusema wazi kuwa baba yao ni mbebaji. Anayetaka mlinzi wa geti simtozi kipimo cha SOD1, kwa sababu mtoto wa Radi na Heidi hawezi kuwa na nakala mbili mbovu, na mlinzi hazai. Anayetaka kuzalisha, mtoto anapimwa kwanza. Yule meneja wa Matemwe alikwenda kununua kwingine. Sawa.

Sasa nyonga, na hapa ndipo pesa na jasho vinapokwenda. Hakuna brashi itakayokwambia nyonga za mbwa zikoje. Ni ugonjwa wa jeni nyingi, kila moja inatia kidogo, na malezi yanatia yake. Kinachotegemewa mpaka sasa ni picha ya eksirei, mbwa akiwa amelazwa usingizi, na daktari aliyezoea kazi hiyo tulimpata Dar es Salaam. Kwa hiyo kibali cha kusafirisha mnyama, cheti cha chanjo ya kichaa, kreti ya mbao, na chombo cha mizigo kutoka bandari ya Malindi, hapa mjini Unguja. Wachukuzi walikataa kulishika kreti. Mmoja alinisaidia kwa kulisukuma na mti mrefu huku anasoma dua, na malipo akachukua mara mbili. Mkondo ulikuwa mkali siku hiyo, Radi alitapika njia nzima, tukashuka sote wawili tunayumba.

Kabla ya kumlaza usingizi daktari alichukua damu kwanza. Pwani yetu imejaa kupe wa kahawia, na kupe hao wanaambukiza bakteria aitwaye Ehrlichia canis. Mbwa anaweza kuishi nao miezi au miaka anaonekana mzima huku chembe sahani za kugandisha damu zinapungua, na German Shepherd akizidiwa na homa hiyo huumia kuliko mbwa wengi. Damu ya Radi ilikuwa sawa. Nalitaja hili kwa sababu nimeona watu wakituma sampuli Ulaya kutafuta kasoro ya uzeeni na mbwa mwenyewe masikio yamejaa kupe. Dawa ya kupe na chanjo ya kichaa kwanza, jamani. Brashi baadaye.

Mezani Radi alilazwa chali kwenye sponji iliyochongwa, miguu ya nyuma ikavutwa moja kwa moja, sambamba, kisha magoti yakazungushwa kwa ndani mpaka vifuniko vya magoti vikakaa katikati ya mifupa ya paja. Picha ya kwanza daktari aliitupa. Kwa macho yangu ilikuwa nzuri, lakini alinionyesha kwamba fupanyonga lilikuwa limeinama upande mmoja, na mbwa akiinama nyonga moja huonekana nzuri kuliko ilivyo na ya pili mbaya kuliko ilivyo. Picha ya pili aliikubali. Akachora mistari: kutoka katikati ya kichwa cha paja la kushoto mpaka la kulia, kisha kutoka hapo mpaka ukingo wa kikombe cha nyonga. Pembe hiyo ikifika digrii 105 au zaidi, na kichwa kimezama vizuri kwenye kikombe, mambo mazuri.

Kila nchi ina namna yake ya kutia alama. Ulaya, kwa wanaofuata FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafuga mbwa, ni herufi, A nzuri kabisa mpaka E mbaya kabisa. Uingereza wanahesabu makosa, 0 mpaka 53 kila upande, jumla 106, na mwenye namba ndogo ndiye bora. Marekani taasisi ya OFA, iliyoanza 1966, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajafika miezi 24. Ukiletewa karatasi iliyoandikwa "10" uliza ni ya wapi. Radi alipata B, na viwiko 0, yaani havina kasoro. Heidi alikuwa na A yake kutoka kwao. Mama wa Jambiani akaridhika, na mimi nikapumua, kwa sababu nauli ya kreti ilikuwa imeshaliwa na bahari.

Kisa kilichonifanya niandike haya ni cha hoteli moja ya kaskazini. Walinunua German Shepherd mdogo kutoka bara kwa bei ya pikipiki. Karatasi ya ukoo ilikuwapo, na safari hii hata cheti cha vinasaba cha wazazi wote wawili, kurasa kadhaa, magonjwa zaidi ya mia, kila mstari umeandikwa safi. Akiwa na miezi 7 wakaniita nimtazame. Alikuwa akikimbia miguu ya nyuma yote miwili inaruka pamoja badala ya kupishana, na akikaa analaza nyonga upande. Kupanda ngazi za mapokezi alikuwa hataki. Picha iliyopigwa baadaye ilionyesha vichwa vya mapaja vimekaa nje nje ya vikombe vyake.

Meneja alikuwa na hasira, akanishikia kile cheti usoni: "Soma mwenyewe! Si wamepimwa?"

Nikakisoma chote, tumekaa chini ya mkungu. Hakikuwa na uongo hata mstari mmoja. Yalikuwamo magonjwa ya macho ya mbwa wa aina nyingine kabisa, magonjwa ya figo ya mbwa ambao hawajapata kukanyaga kisiwa hiki, na SOD1 pia ilikuwamo. Kuambiwa German Shepherd hana kasoro ambayo haijawahi kuonekana kwa German Shepherd ni sawa na kutokuambiwa kitu. Nyonga hazikuwamo, na hazingeweza kuwamo. Muuzaji alipoombwa picha za nyonga za wazazi alisema wazazi wanatembea vizuri. Alipobanwa zaidi akasema mtoto kalishwa vibaya.

Na kwenye hilo la mwisho, kwa uchungu wangu wote, hakukosa kabisa. Mtoto alikuwa analala kwenye vigae vinavyong'aa, kila akiinuka miguu inateleza. Wageni walimlisha mabaki ya kuku na wali mpaka kiuno kimepotea. Kuna utafiti uliofanywa Marekani kwa Labrador 48, jozi jozi za ndugu, mmoja analishwa robo pungufu ya mwenzake maisha yake yote. Waliolishwa pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na nyonga zao zilichelewa sana kuharibika. Damu ile ile, chakula tofauti. Nilimshauri meneja atandike mipira ya magari iliyokatwa pale anapolala, apige marufuku sahani za wageni, na maji yakijaa mtoto aogeleshwe, kwa sababu baharini uzito haumkandamizi na misuli ya mapaja inajengeka. Bahari tunayo bure. Yule mbwa sasa anatembea bila kuchechemea siku nyingi za wiki. Kuzaa hazai, na kuruka ukuta haruki. Pesa haijarudishwa.

Kipimo kimoja cha vinasaba ambacho ningependa kila daktari wa mifugo wa visiwani akijue hakihusu kuzalisha hata kidogo, kinahusu sindano. Tangu 2001 Wazanzibari tumemeza ivamektini kwa mafungu, ndiyo ile ya kampeni ya matende, pamoja na albendazoli. Dawa hiyo hiyo wachungaji wanawadunga ng'ombe kwa minyoo na vidudu vya ngozi. Haiogopwi, na mbwa akipata upele mtu mwenye moyo mzuri atakuja na chupa ya ng'ombe. Mwaka huo huo wa 2001, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walieleza kwa nini Collie wengine, wale mbwa wa kuchunga kondoo, wanakufa kwayo. Ipo jeni iliyozoeleka kwa jina la MDR1, inatengeneza pampu inayorudisha dawa nje zisiingie kwenye ubongo. Mbwa mwenye nakala mbili mbovu hana pampu hiyo. Dawa inaingia na kukaa: mboni zinatanuka, mate yanatoka, anayumba, anapofuka kwa muda, anazimia, na asipohudumiwa anakufa.

Mwalimu mmoja mgeni kule Bwejuu alikuwa na Collie aliyekuja naye, mbwa akaota upele wa wadudu. Jirani yake mchungaji alishavuta sindano tayari. Mwalimu akanipigia kuuliza kiasi gani kinafaa, nikamwambia asubiri. Nilikuwa nimeiona ile MDR1 kwenye majibu ya Radi, mstari mmoja kati ya mingi, nikauliza ni nini. Kumbe kati ya Collie zaidi ya nusu wanabeba angalau nakala moja mbovu, na German Shepherd wamo pia ila kwa uchache. Kipimo cha yule Collie kilirudi: nakala mbili mbovu. Akatibiwa kwa vidonge vya aina nyingine akapona. Hesabu yenyewe inatisha: kinga ya minyoo ya moyo wanayopewa mbwa kila mwezi ni mikrogramu 6 kwa kilo, hata Collie wa namna hiyo anaistahimili. Kipimo cha ng'ombe ni 200 kwa kilo, kabla hujakosea kuvuta sindano. Na si ivamektini tu. Loperamidi, vile vidonge vya kufunga tumbo vinavyouzwa kila duka la dawa, kwa mbwa huyo navyo ni hatari.

Ami yangu wa Muyuni ananicheka kwa yote haya. Yeye ni msasi tangu ujana, wanawinda nguruwe mwitu wanaofukua mihogo ya watu, na mbwa wake ni hawa wetu wa kienyeji, wembamba, masikio wima, majina ya mafumbo: Mtasema, Hamnijui.

"Wewe unampima mate," aliniambia, "mimi nampima nguruwe. Asiyeweza kukimbia na wenzake kwangu hazai."

Nikamwambia, ami, kwa nyonga na moyo sikupingi. Mbwa mwenye nyonga mbovu hafiki kwenye kishindo, wala hahitaji picha ya Dar es Salaam. Lakini kuna maradhi yanayosubiri mbwa azeeke. Afikapo miaka 9 na kuanza kuburuza kucha, ameshazaa na wanawe wameshazaa, nguruwe hakuona kitu.

Akafikiri kidogo. "Mbwa wangu yupi kafika miaka 9?"

Sikuwa na jibu, tukacheka. Ana mbwa mmoja tu mzee, na huyo alistaafishwa na jeraha la pembe ya nguruwe, si umri.

Sasa hivi niko kwenye mazungumzo na mtu wa Wete mwenye mashamba ya karafuu. Alitaka watoto wawili wa Radi na Heidi, dume na jike wa uzao mmoja, ili aanzishe mbegu yake Pemba. Nimemkatalia hiyo jozi. Ndugu kwa ndugu sipandishi hata vipimo vije vyote safi, kwa sababu vipimo vinajua kasoro zilizokwisha gunduliwa tu. Amekasirika, msimu wa karafuu hausubiri na wezi hawasubiri. Tumefika hapa: dume atakwenda Wete mwezi ujao kulinda, akiwa amehasiwa na amechanjwa kichaa, maana Pemba waliwahi kuumaliza ugonjwa huo ukaingia tena 2016, na kibali chao hakichezewi. Dada yake, aliyetoka safi kwa SOD1, anabaki kwangu. Mume wake ni kijana wa Arusha asiye na ukoo wowote na Radi. Brashi za dume huyo zimeshapelekwa, namba ya chipu nimeisoma mwenyewe, na nyonga atapigwa picha akitimiza mwaka. Nauli ya kreti tumekubaliana kugawana, ila ya mchukuzi yule bwana wa Wete amesema nilipe mimi.